Pointi au CDI? Vespa ya ami ilivyonifumbua macho

Wiki hii ukurasa wetu hauzungumzii mapenzi, wala mavazi, wala mapishi. Unazungumzia pikipiki kuukuu. Najua kuna dada hapo ameshaanza kufunua ukurasa wa pili huku akisonya. Subiri kwanza, mwenzangu! Kama baba yako, mumeo au kaka yako ana Vespa ya zamani, basi hata wewe unaijua ile ngoma ya alfajiri: kiki, kiki, kiki... kimya. Kiki tena... kimya. Mara unasikia "Astaghfirullah!" na bisibisi inadondoka sakafuni. Siku hiyo hata chai hainyweki kwa amani nyumba nzima.

Mara nyingi ugonjwa huo una jina moja, nalo ni pointi. Na siku hizi kila kijiwe cha mafundi hakikosi mganga wa kukuambia kwamba dawa yake ni moja tu: "Toa pointi, funga CDI, sahau!" Je, ni kweli? Jambo hili nimelifuatilia kwa miezi kadhaa maana lilinigusa nyumbani. Nilichokiona ni kwamba waganga hao wanasema nusu ya ukweli. Ile nusu wasiyoisema ndiyo inayokula fedha za watu.

BOFLO HAISUBIRI

Ami yangu anaishi Ng'ambo, Unguja. Kazi yake ni kupeleka boflo madukani. Kabla jua halijachomoza ameshapakia mikate yake mbele na nyuma, na anatakiwa amalize mzunguko kabla watoto hawajaenda shule. Mwenye duka hawezi kumwambia mteja wake asubiri eti Vespa ya fulani haijawaka. Akifika mwingine na mikate ya moto, anapokea. Biashara haina ujamaa.

Kwa wasioijua Zanzibar, niseme tu kwamba Vespa kule si fasheni kama ilivyo kwa vijana wa Ulaya wanaoipiga rangi na kuipanda Jumapili. Kule ni punda wa kazi. Vichochoro vya Mji Mkongwe gari halipiti, lakini Vespa inapita na mzigo wake, na anayekuja mbele anabana ukutani.

Vespa ya ami ni ya toleo la P, lile ambalo kiwanda cha Piaggio cha Italia kilianza kulitoa mwaka 1977, na yake ni ya pointi. Imekuwa mtiifu miaka mingi. Mvua za vuli zilipoanza mwaka jana, ikaanza vituko. Leo dakika kumi, kesho nusu saa. Ikiwaka inakwenda vizuri, lakini ikishapata moto inakohoa na kuzima, tena katikati ya barabara. Ndani ya mwezi mmoja ami akapoteza maduka mawili.

Nilipovuka na boti kwenda kuwasalimia nikamkuta ana fedha kidogo kafunga kwenye kitambaa. Zilikuwa za mabati ya jikoni, kabla masika hayajafika.

"Mwanangu," akaniambia, "vijana wanasema nikanunue hicho kidude cha elektroniki. Sasa nikikinunua, kisha mvua ikanikuta sina bati, mama yako mdogo atanihamisha mie na Vespa yangu."

Mama mdogo alikuwa kakaa pembeni anachambua mchele. Hakucheka.

KISIGINO KIKIISHA

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, na fizikia yangu ni ya kuungaunga. Lakini kazi ya uandishi ni kuuliza, na tukaenda kuuliza. Fundi wa kwanza ni mzee wa Mwanakwerekwe ambaye amezifungua Vespa tangu hatujazaliwa. Alifungua kifuniko cha feni, akanionyesha gurudumu zito lenye sumaku ndani yake, lile mafundi wanaloliita flaiwili.

Mambo yako hivi. Flaiwili inazunguka kuizunguka sahani yenye koili. Sumaku ikipita mbele ya koili, umeme unazaliwa. Umeme huo unapita kwenye pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana kama midomo. Katikati ya flaiwili kuna kinundu. Kinundu kikifika, kinaisukuma pointi, midomo inaachana, umeme unakatika ghafla. Ule mkatiko ndio unaoamsha umeme mkali kwenye koili kubwa, na cheche inaruka kwenye plagi. Pembeni kuna kikopo kidogo kinaitwa kondensa, kazi yake ni kuzuia cheche isirukie kwenye pointi zenyewe na kuziunguza.

Sasa piga hesabu nami. Injini ya Vespa ni ya mipigo miwili, kwa hiyo inataka cheche kila mzunguko. Ikienda mizunguko 4,000 kwa dakika, zile pointi zinafunguka na kufunga mara 4,000 kwa dakika hiyo. Saa moja ni mara 240,000! Jamani, ungekuwa mdomo wa binadamu si ungeshachubuka?

Na kweli zinachubuka. Nyuso zake zinaungua na kufanya vishimo. Halafu kuna kisigino, kile kipande kinachosuguliwa na kinundu, nacho kinaisha polepole. Kisigino kikiisha, nafasi ya pointi inapungua. Vipimo vyake ni kati ya milimita 0.3 na 0.5. Ikipungua, midomo inachelewa kuachana, na cheche inachelewa kuruka. Injini inakuwa nzito, inakunywa petroli, na asubuhi inagoma.

Ongeza hewa ya chumvi. Vespa ikilala siku mbili tatu karibu na bahari, nyuso za pointi zinafanya utando usioonekana, na umeme mdogo wa kiki hauupenyi.

Mzee akachunguza Vespa ya ami. Kipande cha kitambaa kinachopaka grisi kile kinundu kilikuwa kikavu kama mfupa. Kisigino kilikuwa kimelika. Kondensa nayo ilikuwa imechoka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikizima injini ikipata moto.

"Pointi haina dhambi," akasema mzee. "Mnazitupa bure. Weka pointi mpya, kondensa mpya, tone la grisi, uiangalie kila mwezi. Mbona miaka yote mlikuwa mnakwenda?"

KIJANA NAYE ANA HOJA

Fundi wa pili ni kijana, gereji yake iko njia ya kwenda Amani. Yeye amekulia kwenye bodaboda, na pikipiki hizo za siku hizi hazina pointi. Alipomsikia ami anataja kondensa akatabasamu kama mtu aliyesikia habari za sahani za santuri.

"Shekhe, kwa nini ujitese?" akauliza. "Elektroniki haigusani. Kisichogusana hakiliki."

Hoja yake ni ya kweli. Katika mtambo wa CDI, koili moja kwenye sahani inatengeneza umeme wa volti mia kadhaa ambao unawekwa akiba ndani ya kisanduku. Koili nyingine ndogo, wanaiita pikapu, kazi yake ni kupiga kengele tu: "Sasa!" Ikipiga kengele, kisanduku kinamwaga akiba yake yote kwa mkupuo kwenye koili ya plagi. Hakuna mdomo wa kuungua, hakuna kisigino cha kulika. Na kwa sababu umeme unapanda kwa kasi sana, cheche inaruka hata plagi ikiwa na utando wa oili. Kwa injini inayochanganya oili na petroli, hiyo si faida ndogo.

Na msifikiri ni jambo jipya. Kawasaki ilikuwa na CDI kwenye pikipiki yake ya H1 mwaka 1969. Piaggio wenyewe waliweka mtambo wa elektroniki kwenye Vespa Rally 200 mwaka 1972. Baadaye Vespa zao za P na PX zenye mtambo huo zikapewa herufi E mwishoni. Kwa hiyo anayebadilisha hafanyi uzushi. Anafanya walichofanya wenye kiwanda.

Lakini nikamuuliza yule kijana swali moja: ikifa njiani, je? Akanyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu: "Dada, pointi hufa kwa ugonjwa. CDI hufa kwa ajali."

Maana yake ni nini? Pointi inakuaga. Inakohoa wiki nzima, inakupa nafasi. Ukikwama Chwaka usiku, unaisugua kwa msasa laini, unarudi nyumbani. CDI inafanya kazi miaka bila kudai chochote, halafu siku moja, tap! Imekwisha. Hapo msasa hausaidii, wala bisibisi, wala dua ya fundi. Unahitaji kisanduku kingine.

USINUNUE KABLA HUJAPIMA

Hapa ndipo wengi wanapoliwa fedha zao. Mtu anasikia "funga CDI" anadhani ni kama kubadilisha plagi. Sivyo hata kidogo. Kwenye Vespa ya pointi utabadilisha sahani yote ya koili, flaiwili, kisanduku, na mara nyingi nyaya pia. Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha mambo manne.

Kwanza, ncha ya krenki. Flaiwili inakaa kwenye ncha iliyochongwa mteremko kama koni. Kwenye P za pointi ncha hiyo ni nyembamba, ya milimita 19. Kwenye zile za elektroniki ni ya milimita 20. Ukinunua flaiwili ya milimita 20 ukaileta kwenye krenki ya 19, itacheza, itakata kile kipande cha nusu mwezi kinachoishikilia, na krenki yako itakuwa chuma chakavu. Ziko seti zilizotengenezwa kwa ajili ya ncha nyembamba. Taja namba hiyo dukani, na nenda na kipimo mkononi.

Pili, beringi za krenki. Shika flaiwili uitikise juu chini. Ikicheza, usinunue kitu. Krenki inayoyumba huharibu nafasi ya pointi, na mtu akailaumu pointi bure. Hata CDI flaiwili inayoyumba itakwangua sahani.

Tatu, sili ya oili nyuma ya ile sahani. Ikivuja, inalowesha pointi na kuingiza hewa kwenye injini. Injini inapata moto kupita kiasi na kugoma, na hapo CDI haihusiki kabisa.

Nne, taa. Vespa nyingi za zamani zina taa za volti 6, na seti mpya nyingi zinatoa volti 12. Bila kubadilisha balbu na kufunga regyuleta inayostahili, utawasha taa mara moja tu, na utakuwa umeona fataki.

Ya ami ilipita. Beringi zilikuwa kimya, sili ilikuwa kavu, na ncha ilikuwa ya 19. Sasa ikabaki kuamua.

UAMUZI WA MAMA MDOGO

Nyumbani tukakaa kwenye baraza. Ami akaeleza ya mzee, nami nikaeleza ya kijana. Mama mdogo akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mafundi wote wawili hawakuuliza: "Hizo pointi, nani ataziangalia kila mwezi?"

Ami hakujibu. Anaamka saa kumi usiku, anarudi mchana hoi. Kitambaa kile hakikukauka kwa siku moja. Kilikauka kwa sababu mwenye Vespa hana hata saa moja ya kuwa fundi wake mwenyewe.

"Basi nunua," akasema. "Bati moja tutaliziba kwa lami. Duka likiondoka halizibwi."

Nawaambieni, sijasikia hoja ya kiufundi iliyo safi kuliko hiyo. Ubora wa mtambo uangalie pamoja na maisha ya anayeutumia.

KAZI YENYEWE

Kijana alifanya kazi hiyo mchana mmoja, na yule mzee alikuja kuangalia, eti anapita tu. Flaiwili ikatolewa kwa pula, si kwa nyundo. Akikuijia fundi na nyundo kwenye flaiwili, chukua Vespa yako ondoka. Sahani mpya ikafungwa, nyaya zikaunganishwa: kijani inaleta umeme wa kisanduku, nyekundu inaleta ishara ya pikapu, nyeupe ni ya kurudisha bodi. Mahali kisanduku kinapofungwa wakakwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, maana mguso mbovu wa bodi ni chanzo cha mauzauza mengi.

Kabla ya kupiga kiki, kijana alitoa mita ya umeme. Hapa andika, msomaji. Kwenye mtambo wa kawaida wa Vespa za E, kati ya nyeupe na kijani upate kama omu 500. Kati ya nyeupe na nyekundu upate kama omu 110. Ukipata sifuri au mita isisogee kabisa, koili au waya umekufa. Vipimo hivyo viwili vitakuokoa usiuziwe kisanduku kipya wakati mbovu ni waya wa senti chache. Kama seti yako ni ya aina nyingine, fuata karatasi yake.

Halafu ikaja taiming. Kijana alitaka kulinganisha alama tu na kufunga. Mzee akakohoa. "Alama huwa zinadanganya," akasema. "Pistoni haidanganyi." Akatafuta mahali pistoni inapofika juu kabisa, akapiga alama yake mwenyewe, kisha wakahakikisha kwa ile taa ya kumulika flaiwili injini ikiwa inaunguruma. Ilikuwa imepitiliza nyuzi kadhaa! Kwa Vespa za aina hii cheche huruka kati ya nyuzi 18 na 23 kabla pistoni haijafika juu, kutegemea injini na seti yenyewe. Cheche ikiwahi mno, injini inaonekana ina nguvu siku mbili tatu, kisha pistoni inatoboka. Wangefunga kwa alama peke yake, ami angelia mara mbili.

Hapo nikaona kwamba ule ubishi wa mzee na kijana haukuwa na mshindi. Kijana alikijua kisanduku. Mzee alizijua nyuzi. Vespa ilihitaji wote wawili.

Ikawaka kwa kiki ya pili. Mpaka leo inawaka hivyo. Duka moja lilirudi baada ya wiki tatu. La pili halikurudi, lina mtu wake sasa, na ami amelikubali. Jikoni masika yalivuja upande wa jiko la mkaa, na sufuria ikawekwa chini kupokea matone.

NA WEWE JE?

Kama Vespa yako ni ya kazi ya kila siku, unatoka gizani na huna mkono wa ufundi, badilisha. Kama ni ya Ijumaa na sikukuu, au unapenda ibaki kama ilivyotoka kiwandani, baki na pointi zako. Weka pointi na kondensa mpya, pitisha karatasi kavu katikati ya nyuso zake ikikaa sana, na usisahau grisi kidogo kwenye kile kitambaa. Kidogo, si kijiko. Ikizidi inarukia pointi.

Ukibadilisha, shika matatu. Usipige kiki huku kifuniko cha plagi kinaning'inia hewani. Plagi ibaki ndani ya kifuniko chake na iguse chuma, la sivyo umeme ukikosa njia unaweza kukiua kisanduku. Pili, nunua kisanduku cha akiba mapema na kiweke kwenye boksi la Vespa, usisubiri siku ya ajali. Tatu, ile sahani ya zamani na flaiwili yake usimpe muuza chuma chakavu. Zipake oili, zifunge nailoni, ziweke juu ya kabati. Vitu vilivyokwenda miaka arobaini havijaisha, vimepumzika tu.

Na wewe kijana fundi unayesoma hapa, ukimwona mzee "anapita tu" gerejini kwako, mpe kiti. Yale anayoyajua huyauziwi dukani pamoja na seti.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.